Mchana goti zima, usiku lalegea

Swali: Asalaam aleikum. Nilikatika kano ya ndani ya goti la kulia mpirani, na huu ni mwezi wa nane tangu nifanyiwe upasuaji. Mchana natembea bila shida. Usiku stima zikipotea, nikipita vichochoro vya Langoni, au nikishuka mashuani na dumu begani, goti lanilegea. Daktari alilivuta akasema kano mpya imeshika. Mbona basi?
*Msomaji, Lamu*

Jibu: Wa aleikum salaam, kaka. Daktari hakukosea, wala si dhana zako. Kano hiyo, iliyo katikati ya goti, huzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya ule wa paja, lakini pia ina miisho ya neva inayoupasha ubongo habari goti limekunjika kiasi gani na laelekea wapi. Ikikatika, habari hupungua, na kano ya kupandikizwa hairudishi zote. Ubongo huziba pengo kwa macho. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba wengi wenye jeraha hili, hata wakikunja na kukunjua goti tu, hutumia zaidi sehemu zinazohusika na kuona. Gizani, au dumu likikuziba usione unapokanyaga, tegemeo hilo halipo. Mpirani ni vilevile: macho yako kwenye mpira.

Jipime. Pekupeku, kando ya ukuta, mtu akiwa karibu, simama kwa mguu mmoja macho wazi sekunde 30. Kisha yafumbe, uhesabu hadi mguu wa pili uguse chini. Rudia upande wa pili. Hata mwenye magoti mazima huyumba akifumba macho, kwa hiyo linganisha mguu na mguu.

Mazoezi ni dakika 10, siku 4 au 5 kwa wiki. Simama kwa mguu ulioumia, goti limekunjika kidogo. Wengi hukosea hapa: hulikaza likanyooka kabisa, mifupa ikabeba mwili na misuli ikalala. Geuza kichwa kulia na kushoto polepole, sekunde 30 mara 3. Ukimudu, fumba macho sekunde 10 kidole kikigusa ukuta, halafu kiondoe. Baadaye mtu akurushie mpira huku ukihesabu kurudi nyuma kutoka 100, ukiruka tatutatu. Akili ikishughulika, goti hujifunza kujishika bila kusimamiwa. Usilitazame. Bandika utepe ukutani, ulielekeze hapo, na mwenzako aangalie lisiporomokee ndani, maana mkao huo huweza kukata kano. Mchanga uje mwisho: kwanza ule mgumu maji yakitoka, kisha mkavu wa Shela.

Haya yote ni bure paja likiwa legevu. Nguvu za paja la mbele zifike angalau asilimia 90 ya mguu mzima, na mpira usirudie kabla ya miezi 9, hata wenzako wakikuita vipi. Goti likivimba kesho yake, punguza mazoezi nusu. Likikwama lisinyooke, au likiendelea kulegea, rudi kwa daktari. Mashuani shuka mikono mitupu, dumu upokezwe, na usiku vaa tochi ya kichwani.

Swali: Je, soksi ya goti ya duka la dawa yasaidia?
*Msomaji, Malindi*

Jibu: Kidogo. Hubana ngozi, na ngozi nayo huupa ubongo habari. Haiwezi kuzuia mfupa kuteleza, kwa hiyo usiivae ukadhani umepata ruhusa ya kucheza. Ikiacha alama nzito au mguu ukafa ganzi, ni ndogo, badilisha.