Kidani cha Wanaga kinadondosha unga, nikipake mafuta ya nazi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Marehemu mjomba alisoma India miaka ya 80, akaniachia kidani cha mbao cha Wanaga, watu wa kaskazini mashariki mwa India, vichwa vinne vya watu vimechongwa kwenye gogo moja dogo, cheusi tii. Sasa kina vitundu na kinadondosha unga. Naambiwa nikioshe nikipake mafuta ya nazi. Na hivyo vichwa maana yake nini? Niko Dar.

Jibu: Marahaba dada. Usikioshe, na mafuta usipake kabisa, nakuomba.

Vidani vya hivyo wanajulikana navyo sana Wakonyak, Wanaga wa wilaya ya Mon kule jimbo la Nagaland, India, mpakani na Myanmar, na kwao havikuwa urembo wa kila mtu, ilikuwa haki ya mwanaume aliyeenda vitani akarudi na kichwa cha adui, maana waliamini kichwa kinaleta rutuba shambani na nguvu kwa kijiji kizima. Waingereza walipiga marufuku huko kukata vichwa, ila vijijini ndani iliendelea mpaka miaka ya 1960. Lakini usihesabu vinne ukasema mwenyewe aliua wanne, vya kuuza navyo vinachongwa. Angalia tundu la kamba, kingo zikiwa zimelika na kulainika ujue kimevaliwa miaka.

Huo weusi ndio unaniuma. Kwa vitu vya zamani mara nyingi ni masizi, nyumba zao moto unawaka ndani na vitu vinaning'inia moshini, kama sisi tunavyotundika mahindi ya mbegu juu ya mafiga yasibunguliwe. Ukisugua na sabuni umeutoa, haurudi tena. Na mafuta yanachacha, yanashika vumbi.

Fanya hivi, kiweke juu ya karatasi nyeusi siku tatu nne, ukiona unga mpya basi wadudu wanaotoboa mbao bado wazima. Kizungushie kitambaa cha pamba, tia kwenye nailoni, kamua hewa, funga na selotepu, weka friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri wiki 2. Ukikitoa usifungue nailoni mpaka kesho yake, kwa joto la Dar kikiwa bado cha baridi kitatoka jasho kama chupa ya soda na mbao inaweza kuharibika. Baada ya hapo brashi laini kavu inatosha.

Na kama kimebandikwa mbegu nyekundu zenye doa jeusi, zile macho ya tipitipi, weka mbali na watoto, ni sumu kali wakizitafuna.