Nyumba nzuri, njia ya giza

Dada yangu, umesema chumba umekipenda ila uchochoro wa kutoka kituoni una giza na vijana wa kijiweni wanavuta bangi, huku shemeji akikuambia unaogopa bure. Huogopi bure. Taa iliyoungua na pagala lililojaa takataka humwambia mpita njia kwamba hapa hapana mwenyewe, hata kama wizi ni nadra. Na uvumi, usiseme! Januari 2015 watu wa Dar walikimbia ovyo kwa habari za Panya Road, genge la vijana waporaji wenye mapanga, na wengine hawajaona hata panga moja.

Kodi ya miezi sita usilipe kwanza. Nenda saa mbili usiku, agiza chipsi pale kona, umuulize muuzaji nani kaibiwa mwezi huu, na kaibiwa nini. Ile taa mwulize mjumbe.