Wicca si dini ya kale

Wapo wanaoamini kuwa Wicca, dini ya kipagani ya watu wanaojiita wachawi, ni ya kale. Hapana, haikurithiwa kutoka kwa watu waliouawa Ulaya karne zilizopita kwa tuhuma za uchawi. Ni dini ya karne ya 20, iliyotangazwa na Gerald Gardner, Mwingereza mstaafu wa forodha aliyefanya kazi katika nchi ya Malaya (sasa sehemu ya Malaysia). Alijitokeza hadharani baada ya Uingereza kufuta sheria ya uchawi ya 1735, mwaka 1951. Hadithi ya dini ya siri iliyodumu tangu kabla ya Ukristo ilienezwa na msomi Mwingereza Margaret Murray mwaka 1921, na wanahistoria wameshaitupa: wengi wa walioshtakiwa kwa uchawi walikuwa Wakristo wa kawaida tu, waliosingiziwa na majirani (na huko England walinyongwa, hawakuchomwa). Ila baadhi ya vipande vya ibada za Wicca, hasa vilivyochukuliwa kwa Freemason (chama chenye taratibu za siri), vimemtangulia Gardner mwenyewe.