Nunua bodi, injini itapatikana: kwa anayeanza kufufua gari la kale la paa la kukunja

Anayetafuta gari la kale la paa la kukunja kwa mara ya kwanza huwa anakimbilia boneti. Anataka kuisikia injini ikinguruma. Nakuomba uanze kwa kulala chini, tochi mkononi, uchunguze tumbo la gari. Nitaeleza kwa kutumia gari ninaloshughulika nalo hapa Ubelgiji jioni na wikendi, Peugeot 404 Cabriolet, lakini mengi nitakayosema yanahusu gari lolote la wazi la miaka ile.

Gari hili lilizinduliwa Paris mwaka 1961 na likaundwa hadi 1968. Bodi zilitengenezwa na Pininfarina mjini Turin, Italia, kisha zikasafirishwa hadi Ufaransa kufungwa mitambo. Yalitoka takriban 3,700 tu, ilhali 404 za aina zote zilipita milioni 2. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza mfuko wako. Injini ni ileile ya saluni, yaani 404 ya kawaida yenye paa la bati, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,618, na difu (gia za ekseli ya nyuma) ni ileile iliyotamba kwenye barabara za Afrika Mashariki. Saluni ya 404 ilishinda mashindano ya magari ya East African Safari mwaka 1963 na 1968 kwa mikono ya Nick Nowicki na Paddy Cliff, na mwaka 1966 na 1967 kwa mikono ya Bert Shankland wa Tanzania na Chris Rothwell. Vipuri vya mitambo yake bado vinapatikana. Pampu ya maji na bushi za gari langu alinitafutia binamu yangu Nairobi. Lakini kioo cha mbele, milango, taa, mapambo ya kromu na fremu ya paa ni vya kabrioleti na ndugu yake kupe (yenye milango miwili na paa la bati), na vingine ni vya kabrioleti peke yake. Kipande kimoja cha pambo kinaweza kukusubirisha mwaka mzima. Kwa hiyo, kati ya gari lenye injini iliyokwama na bodi kamili, na gari linalowaka vizuri lakini limeliwa na kutu na kupungukiwa vipande, chukua lile la kwanza bila kusita.

Sasa kuhusu kutu. Gari lenye paa la bati hugawana uzito kati ya sakafu na paa. Ukiondoa paa, mzigo wote unabebwa na sakafu na vizingiti vilivyo chini ya milango, kama boksi la viatu lisilo na kifuniko: ukilishika pembe mbili tu linajipinda. Kwenye gari la wazi, kutu ya kizingiti ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Fungua na ufunge kila mlango. Tazama mwanya kati ya mlango na bodi, juu na chini. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, gari limeanza kulegea katikati. Inua zulia, gusa sakafu kwa vidole, pita na sumaku palipo na rangi nene. Sumaku isiposhika, chini kuna puti, ule udongo wa kuziba mashimo ya bodi. Usisahau nyuma ya viti, pale turubai linapokunjwa; maji yaliyopenya hutuama hapo kimyakimya kwa miaka.

Ukilinunua, usikate chochote kabla ya kupima. Pima kila tundu la mlango kwa mshazari, andika vipimo ukutani kwa kalamu isiyofutika, halafu chomelea vyuma vya muda kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Gari lilale juu ya stendi zilizowekwa pale linapobebwa na springi zake, si kwenye jeki mbili za katikati. Kata upande mmoja tu, umalize, ndipo uende wa pili. Kabla ya kuchomelea kwa ukamilifu, weka vitone vichache vya kuchomelea, tundika mlango mahali pake, uufunge. Ukigoma, vunja vitone urekebishe. Nimeona gari zuri sana lililochomelewa vizingiti vyote viwili kwa pamoja bila vyuma vya kushikilia. Rangi yake ilimeremeta, na milango haikufunga tena. Jambo hilo lilinihuzunisha kweli, kwa sababu bodi ile haina nyingine.

Sakafu ya 404 ya wazi imetokana na ya saluni, hivyo saluni iliyokufa inaweza kukupa bati la kuanzia. Na kipande kilichooza usikitupe hata kama kimebaki nusu: ndicho kielelezo cha fundi bodi atakayekukunjia kipya. Vivyo hivyo turubai kuukuu. Lihifadhi mpaka jipya likae sawasawa, nawe usilivishe jipya kabla milango na vioo havijakaa mahali pake, maana turubai hukatwa kwa kufuata vioo.

Mitambo nitaigusia kwa ufupi, ila mambo mawili usiyapuuze. Slivu za injini hii, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, hazikushindiliwa ndani ya bloku. Zimekaa tu, maji yanazizunguka, na hedi, kifuniko cha juu cha injini, ndiyo inayozikandamiza. Ukishatoa hedi, usizungushe injini kabla ya kuzibana slivu kwa boliti na washa. Zikinyanyuka kidogo tu, sili za chini zinaharibika na maji yanaingia kwenye oili. La pili ni difu: chuma cha mfano wa skurubu kinasukuma gurudumu la shaba nyeusi. Oili nyingi za difu za leo zina salfa, na salfa ikiwa kali hula shaba. Mwambie muuzaji wazi kwamba unataka oili inayofaa gia za aina hiyo.

Ukikuta injini yenye pampu ya Kugelfischer ya kupulizia petroli, ni hazina, lakini kazi ya pampu hiyo mwachie fundi anayeijua. Kwa gari la kwanza, nakushauri yenye kabureta.

Breki, badilisha mipira yote hata inayoonekana mizima, maana huvimba kwa ndani na kuziba njia. Matairi pia yatazame umri wake, si kina cha kashata zake tu.

Kromu itakugharimu kuliko unavyodhani. Itengee fungu lake tangu siku ya kwanza, na upige picha kila kipande kabla hujakipeleka kiwandani, mbele na nyuma, huku ukihesabu skurubu. Rangi ije mwishoni kabisa, gari likiwa limekwisha kuendeshwa likiwa bado na praima. Katika safari hizo fupi ndipo utasikia panapolia, uone panapovuja, na ukaze upya hedi injini ikiwa imepoa, na kwa kuwa rangi bado haijapigwa, spana ikiteleza haiharibu kitu.