Daftari limejaa mawazo, hadithi haifiki ukurasa wa tatu

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari mkoani Morogoro. Nina daftari la mawazo ya hadithi. Nimeyahesabu, yako 41. Mifano: "rushwa hospitalini", "binti anayeozeshwa akiwa kidato cha pili", "tamaa ya utajiri wa haraka", "kijana anarudi kijijini baada ya miaka 20". Nikianza kuandika, ukurasa wa kwanza unakwenda vizuri, wa pili unachechemea, wa tatu basi. Nikibadilisha wazo, mambo ni yaleyale. Je, mawazo yangu ni mabovu au mimi ni mvivu? Na wazo la kubeba hadithi fupi ya maneno 3,000 linapatikanaje hasa? Naomba usiniambie nisome sana. Nasoma.

JIBU: Marahaba mwalimu. Mvivu hafikishi mawazo 41, kwa hiyo hilo tuliweke kando.

Matatu ya kwanza uliyonitajia ni dhamira. Ukiyapeleka kwenye mtihani wa kidato cha nne, pale wanaposema "jadili dhamira tatu", unapata alama zako zote. Na nadhani hapo ndipo tulipoharibikiwa wengi tuliosoma fasihi ya Kiswahili darasani. Tumefundishwa kuisoma hadithi kwa kuikamua, tutoe dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi. Siku tukitaka kuandika, tunaanza na kile tulichozoea kukitoa mwisho. Lakini tui halirudi kuwa nazi. Ukianza na "rushwa hospitalini", tayari unajua rushwa ni mbaya, msomaji naye anajua, na ukurasa wa kwanza unatosha kukubaliana. Wa pili uandike nini?

Chukua mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948. Ukiuandika hivyo daftarini, ni kichwa cha habari. Adam Shafi alipoufanya riwaya, *Kuli*, iliyotoka 1979, alitupa Rashidi wa kumfuata, na mgomo tukaufikia tukiwa naye. Ukimwondoa Rashidi, kinachobaki ni somo la historia.

Wazo lako la nne limekaribia, kwa kuwa lina mtu. Ila huyo kijana hataki kitu. Kwa nini amerudi mwaka huu na si mwaka jana? Tuseme amekuja kuuza kiwanja ambacho mjane wa kaka yake amekwisha kukipanda migomba, na hakuna aliyemwambia yule mama. Sasa akishuka kwenye basi tu, kuna jambo. Hata salamu yake ya kwanza kwa shemeji ina uzito, maana kuna kitu anakificha.

Kwa hiyo mimi nikipokea rasimu naangalia kama wazo lina mtu anayetaka kitu, na kama kukipata kutamgharimu kitu kingine anachokipenda. Hicho cha pili ndicho husahaulika. Bila gharama, mhusika anakipata, tunafunga daftari, tunalala.

Sasa swali lako lenyewe, linapatikanaje. Mimi naanza na kitu cha kushikika, kitu kidogo kabisa, halafu nakisumbua kwa maswali. Tufanye pamoja na kanga.

Kanga huuzwa doti, vipande viwili ambavyo havijakatwa, kila kimoja na pindo lake, mji wake (sehemu ya katikati) na jina lake, na jina ni lilelile. Hili unalijua kuliko mimi. Lakini litazame kwa jicho la mwandishi: jina la kanga ni sentensi ambayo mtu kainunua, kaivaa, kapita nayo mbele ya mtu fulani, na akiulizwa anaweza kukana. "Mimi nimependa rangi tu." Sijui nguo nyingine yenye faida hiyo.

Tuseme jina ni "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Ukijiuliza inahusu nini, utajibu "umbea", na tumerudi kwenye dhamira. Jiulize badala yake: nani kainunua, kwa pesa ya nani, anataka isomwe na nani, na itakuwaje ikisomwa na asiyekusudiwa?

Andika majibu kama yanavyokuja, halafu matatu ya kwanza yafute. Nasisitiza hili kuliko yote. Jibu langu la kwanza lilikuwa mke anamvalia mke mwenzie. Si uongo, hutokea, ila msomaji keshafika huko kabla yangu. La pili, mama mkwe anaisoma na kudhani mkaza mwana anamsema. Afadhali kidogo, ila taarabu imeliimba mpaka limechakaa. La tatu, mume kamnunulia mkewe bila kuisoma. Kichekesho cha nusu ukurasa. Haya matatu hayakuwa yangu, yalikuwa ya kila mtu, yalikuwa mlangoni tu yakisubiri nifungue.

La nne lilichukua muda. Mwanamke aliyeivaa hajui kusoma. Kanga katumiwa na binti yake aliyeko Dar es Salaam, naye kaivaa kwa furaha ya kukumbukwa na mwanawe. Mtaani watu wanaanza kumpisha, kumwamkia kwa adabu isiyo ya kawaida, na hajui kwa nini. Mpaka jirani yake, rafiki wa miaka mingi, ambaye kweli alikuwa anamsema pembeni, anakuja uani na kuuliza, "Kwa hiyo umeamua kunivalia?"

Hapo nikakwama, nakwambia kweli. Maana ni rahisi mno: aseme tu hakusoma, yaishe. Gharama iko wapi?

Nikafungua ukurasa mwingine wa daftari langu, ambao haukuwa na uhusiano wowote, nimeandika "kikoba, sanduku la makufuli matatu, funguo kwa watu watatu". Nikaviweka pamoja. Huyu mama ni mweka hazina wa kikoba cha mtaa, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Namba anazitambua, maneno hapana. Mahesabu yote anayashika kichwani, na daftari la kikundi alikuwa akijaziwa usiku na yuleyule binti aliyekwenda Dar. Cheo alipewa kwa sababu wote wanaamini anasoma. Sasa akikana kanga, lazima aseme hasomi, na kikao cha kikoba ni keshokutwa. Akinyamaza, anampoteza rafiki kwa ugomvi ambao hakuuanzisha. Na mwenye ufunguo wa pili wa sanduku ni nani? Jirani huyohuyo.

Hiyo sasa inafika ukurasa wa kumi. Angalia kwamba sikutafuta "umuhimu wa elimu ya watu wazima" wala "athari za umbea". Vyote vimo, mtahini atavikuta. Mimi nilitafuta mama mmoja uani kwake, na asubuhi mbaya.

Kwa hiyo kitu kimoja mara nyingi hakitoshi. Wazo huwaka vitu viwili visivyozoeana vikisuguana. Muhammed Said Abdulla alifanya hivyo katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kilichotoka 1960. Mpelelezi mvuta kiko anayetegemea akili ilikuwa sura iliyokwisha kuzoeleka Ulaya, na mzimu ni jambo la kawaida kwetu. Bwana Msa, mpelelezi wa kitabu hicho, kusimama Unguja mbele ya maiti iliyokutwa mzimuni, hilo ndilo lilikuwa jipya.

Kuhusu urefu nitasema haraka. Maneno 3,000 hayabebi miaka 20. Yanabeba siku moja au mbili, watu watatu, uamuzi mmoja. Hiyo miaka 20 ya kijana wako ipenyeze ndani ya alasiri moja. Kama wazo linakulazimisha kuandika "miaka ikapita", huenda ni riwaya, lihamishie daftari lingine.

Hukuuliza, ila nahisi baadhi ya hayo 41 ni mambo yaliyotokea kweli, kwako au kwa ndugu. Hayo hukwama kwa ugonjwa wake. Niliwahi kuandika kisa cha mjomba wangu kama kilivyotokea, tarehe zote sawasawa, na kilikuwa kikavu kama muhogo wa juzi. Nilikuwa namwogopa mjomba, basi kila alipotakiwa kukosea nilimtetea. Wazee wetu walilimaliza hili kabla ya kuanza: "Hadithi, hadithi!" Watoto wanajibu, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Uongo unaitwa kwa jina na kukaribishwa. Mbadilishe mjomba awe shangazi, mtoe Morogoro mpeleke Kigoma, mpe kosa ambalo hakulifanya. Usishangae akianza kutembea mwenyewe. (Na ndugu hawatagombana nawe kwenye harusi, faida nyingine.)

Daftari usilitupe. Kwa wiki mbili, ukurasa wa kushoto endelea na dhamira zako kama mkono umezoea. Wa kulia andika vitu vya kushikika tu ulivyoviona siku hiyo: mwanafunzi aliyevaa viatu vya namba tofauti, risiti iliyookotwa, konda aliyekataa nauli ya mzee mmoja na si ya mwingine. Bila maelezo, bila "hii inaonyesha". Siku ya 15 chagua viwili kutoka kulia, umbali wowote kati yao, na uanze kuvisumbua.

Na yule kijana anayerudi kijijini usimfute. Kiwanja changu na migomba usivitumie, hilo ni jibu langu la pili tu, halijapoa vizuri. Niandikie tena uniambie alipokuwa anashuka kwenye basi alikuwa amebeba nini mkononi, na ni nani ambaye hakutaka akione.