Bomba limepasuka, mkurugenzi anasema tunyamaze

SWALI: Mimi ni afisa uhusiano mpya katika mamlaka ya maji. Bomba kuu likipasuka, mkurugenzi hutaka tukae kimya hadi mafundi wamalize, eti tusizue taharuki. Kazi yangu imebaki kupiga picha za wageni. Huo ndio uhusiano wa umma?

JIBU: Picha zina nafasi yake, ila sizo ulizoajiriwa kwazo. Uhusiano wa umma ni kujenga maelewano kati ya taasisi na watu inaowategemea, na sehemu kubwa hufanyika ndani ya ofisi: kumweleza mkubwa watu wanasema nini mitaani kabla hajaamua.

Hoja ya mkurugenzi wako ni kongwe. Kampuni za reli za Marekani zilizoea kuficha ajali. Oktoba 1906, treni ilipotumbukia majini Atlantic City na kuua watu zaidi ya 50, Ivy Lee, aliyeifanyia kazi reli ya Pennsylvania, aliandika maelezo ya tukio akawagawia waandishi. Gazeti la New York Times likayachapisha. Hayo hutajwa mara nyingi kuwa taarifa ya kwanza kwa vyombo vya habari.

Sasa bomba lako. Usisubiri ujue kila kitu. Mpigie msimamizi wa mafundi, kisha andika hivi:

"Bomba kuu limepasuka saa 11 alfajiri karibu na stendi. Mitaa ya Sokoni na Majengo haina maji. Mafundi wapo kazini. Tutatoa taarifa nyingine saa 4 asubuhi."

Basi. Achana na "tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza"; watu wameshatoka na ndoo, utajitokeza mara ngapi? Saa 4 ikifika, toa taarifa hata kama hakuna jipya. Saa ya maji kurudi usiitaje mpaka fundi mwenyewe aitamke.

Watumie taarifa hiyo kwanza watendaji wa mitaa na dawati la huduma kwa wateja, ndipo uiweke mitandaoni. Dawati likimjibu mteja "hatuna taarifa", umekwisha.

Kwa mkurugenzi, usibishane kitaaluma. Mpelekee idadi ya simu za malalamiko zilizopokelewa siku mliyonyamaza, umwombe ruhusa ya kujaribu mara moja tu. Akikataa, omba angalau hospitali na shule ziarifiwe mapema. Hapo ni vigumu kusema hapana.