Maswali ya wasomaji: Niizungushe kamba mkononi?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimeajiriwa karibuni kwenye kikosi cha ardhini cha puto la hewa moto. Nimepangwa kwenye kamba ya utosini, ile iliyofungwa kileleni mwa puto ili kulizuia lisiinuke kwa pupa wakati wa kujazwa. Mwenzangu niliyemkuta kazini anasema niizungushe mkononi mara mbili isije ikaniponyoka. Nikifanya hivyo kiganja kinauma na puto linanikokota. Ndivyo inavyotakiwa? Na glovu zangu za nailoni zinafaa?
— Mgeni wa kazi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Haitakiwi hivyo, na tafadhali usiizungushe tena. Usiifunge kiunoni, wala usisimame ndani ya kitanzi chake kikiwa kimelala majanini. Kamba hiyo lazima iweze kukutoka wakati wowote.

Hebu tupige hesabu. Puto la abiria wachache huchukua hewa ya mita za ujazo 2,200 hivi. Hewa hiyo, japo huioni, ina uzito wa zaidi ya tani 2. Ikipashwa moto hadi nyuzi 100 asubuhi ya baridi, puto hupata nguvu ya kuinua kilo 600 hivi. Wewe una kilo ngapi? Na kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, msukumo wake kwenye kitambaa huwa mara nne.

Kwa hiyo hukuwekwa pale ushindane na puto. Umewekwa ulipunguzie kasi, lisije likasimama ghafla, likapitiliza na kuyumba huku moto unawaka mdomoni mwake. Shika kamba kwa viganja viwili, egemea nyuma, visigino vikiwa ardhini. Utosi ukianza kupanda, ufuate: tembea taratibu kuelekea kwenye kikapu, kamba ikiwa imekaza kiasi. Ukihisi visigino vinakuwa vyepesi, achia palepale, usingoje amri ya mtu. Hapa ndipo watu wanapoumia. Moyo unamwambia mtu ashikilie kidogo tu, sekunde inapita, na anapotazama chini tayari ni mbali kuliko anavyothubutu kuruka. Tangu hapo kila mita inaongeza ubaya. Aliyezungusha kamba mkononi hata nafasi ya kuamua hana.

Huyo mwenzako sidhani kama anakutakia mabaya. Huenda naye alifundishwa hivyo. Lakini jambo hili mfikishie rubani, asikie kikosi kizima.

Kwa kuwa ni mgeni, kuna siku watakuhamishia mdomoni mwa puto, karibu na feni inayolijaza hewa. Usisimame ubavuni mwa feni, usawa wa mapanga yake, maana panga likivunjika huruka upande huo. Skafu, kamba za kofia na nywele ndefu vyote vifungwe. Feni ikizunguka haisogezwi, hata ikiwa imekaa vibaya kiasi gani: izimeni kwanza. Na ile kamba inayofunga kikapu kwenye gari usiiruke wala usisimame karibu nayo, maana upepo mmoja tu unaikaza ghafla.

Glovu za nailoni hazifai. Nailoni ikipata moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi, na daktari akija kuibandua huondoka na nyama. Tafuta za ngozi, zisizobana, uweze kuzivua haraka. Zitakusaidia pia unapofunga mipira ya gesi: propani iliyo majimaji huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, hivyo ikikurukia inaunguza kwa baridi. Shati na suruali ziwe za pamba.

Rubani asipowaonyesha ishara ya mkono ya kuachia kamba, mwulize kabla feni haijawashwa. Ikishaanza kunguruma hamtasikilizana.